Aliyegonga si Lazima Awe Mwenye Kosa: Tathmini ya Huduma ya Uchunguzi Huru wa Ajali

Fomu ya madai ya bima iliniachia mistari minne ya kueleza ajali, nami niliijaza kwa sentensi moja ambayo wakati ule niliiona haina mjadala: "Nilisimama, nikatazama, nikaanza kukata kona, na hapo nikagongwa ubavuni na pikipiki iliyokuwa ikienda mbio bila kuwasha taa." Ukiihesabu vizuri, sentensi hiyo ina madai sita. Wiki kumi baadaye nilikuwa na ripoti ya kurasa 31 mikononi, niliyoigharimia kwa fedha zangu mwenyewe, na kwa mujibu wa ripoti hiyo madai mawili yalisimama, mawili yalichechemea, na mawili yalianguka chali. Tathmini hii inahusu huduma iliyoandaa ripoti hiyo. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua haihusiani hata kidogo na ukweli kwamba matokeo hayakunipendeza.

Watoa huduma wenyewe ni ofisi ndogo ya uchunguzi huru wa ajali za barabarani: wahandisi wawili na askari mstaafu wa usalama barabarani, ambao hukodiwa na madereva, mawakili na kampuni za bima kila upande unaposhikilia maelezo yake. Siitaji ofisi hiyo kwa jina, kwa sababu malalamiko niliyo nayo yametokana na faili moja tu, na faili moja halitoshi kumhukumu mtu.

Mkataba wao ulikuwa na vipengele viwili vilivyonikera siku ya kutia sahihi na ambavyo leo naviona kuwa ndivyo vilivyoipa kazi yao thamani. Cha kwanza kilisema kwamba malipo hayategemei matokeo, na kwamba mteja hana haki ya kuomba sehemu yoyote ya ripoti iondolewe kwa sababu inamuumiza. Cha pili kilisema kwamba ofisi haitatamka nani mwenye kosa. Itaeleza kila chombo kilikuwa wapi, kilikuwa kikienda kwa kasi gani, nani alikuwa na nafasi ya kumwona nani, na kila mmoja alikuwa na muda gani wa kuepuka. Kugawa lawama ni kazi ya bima au ya mahakama. Nilijiona kama mtu aliyekwenda kwa fundi saa akaambiwa kwamba fundi huyo hasemi saa ngapi. Lakini huwezi kugawa lawama kabla ya kujua kilichotokea, na watu wengi, mimi nikiwemo, huanza na lawama kisha wakatafuta matukio ya kuitegemeza.

Lugha yenyewe inatutega. Tukisema "nimegongwa", msikilizaji anasikia kwamba nimeonewa. Tukisema "amegonga", anasikia kwamba amekosa. Katika mgongano wa gari linalofuata na lililotangulia, dhana hiyo aghalabu huwa sahihi, kwa kuwa anayefuata ndiye mwenye wajibu wa kuacha nafasi. Tatizo ni kwamba tunaichukua kanuni ya foleni na kuipeleka kwenye makutano, ambako haifanyi kazi. Pikipiki ilikuwa ikienda moja kwa moja katika njia yake, ikija kutoka mbele yangu, macho kwa macho nami; mimi ndiye niliyeikatiza ili niingie barabara ya pembeni. Pua yake ilikutana na mlango wangu wa mbele kwa sababu niliuweka mlango huo mbele ya pua yake. Yule askari mstaafu alinieleza hivi nilipokuwa nikimwonyesha mahali palipobonyea kana kwamba namwonyesha hati ya hukumu: "Ndugu yangu, mbonyeo huu unaniambia gari lako lilikuwa wapi. Hauniambii kama lilikuwa na haki ya kuwa pale."

Kuhusu haki hiyo, ripoti haikupoteza maneno mengi. Ilinukuu wajibu ambao umo karibu katika kila sheria ya barabarani na ambao Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unauweka bayana: dereva anayetaka kubadili mwelekeo ahakikishe kwanza kwamba anaweza kufanya hivyo bila kuwahatarisha wengine, akizingatia mahali walipo, mwelekeo wao na kasi yao. Maneno mawili ya mwisho niliyapigia mstari mwenyewe baadaye. Nilikuwa nimejitetea muda wote kwa kasi ya mwenzangu, kumbe kuipima kasi hiyo kabla ya kukata kona kulikuwa sehemu ya wajibu wangu.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, nikianza na ile niliyoiona dhaifu. Wachunguzi walifika mahali pa ajali siku ya tisa baada ya kupokea malipo ya awali. Kufikia wakati huo alama ya tairi iliyobaki juu ya lami ilikuwa imekwisha kufifia, ikabidi wategemee picha za polisi, ambazo hazikuwa na kipimo chochote ndani yake. Walijinasua kwa ustadi: walipima mistari ya rangi ya barabarani na mfuniko wa mtaro uliokuwa unaonekana katika picha zile zile, kisha wakatumia vipimo hivyo kukadiria urefu wa alama ya tairi kuwa mita 12. Mikwaruzo ya chuma, ambayo hubaki muda mrefu zaidi kuliko weusi wa mpira, waliikuta na kuipima moja kwa moja. Mikwaruzo hiyo huanza pale pikipiki inapolala chini, na kwa kuwa ilianza ndani kabisa ya njia ya mwendesha pikipiki, ilizima minong'ono ya shahidi mmoja aliyedai kwamba kijana huyo alikuwa amevuka mstari wa katikati. Hata hivyo, hawakupaswa kungoja siku tisa. Mvua, vumbi na magurudumu ya watu wengine ni maadui wa kila ushahidi wa barabarani, na ofisi inayouza uchunguzi inalijua hilo kuliko mteja.

Suala la kasi ndilo nililolisubiri kwa hamu, na ndilo lililoshughulikiwa vizuri kuliko yote. Mtathmini wa bima alikuwa ameshatoa takwimu ya kilomita 68 kwa saa, mahali ambapo kikomo ni 50, nami nilikuwa nimeikumbatia takwimu hiyo kama mtoto wangu. Ripoti ilionyesha ilikotoka. Mtathmini alichukua zile mita 12 na kuzipigia hesabu kwa kiwango cha msuguano cha gari lililofunga magurudumu yote manne kwenye lami kavu, yaani takriban 0.7. Pikipiki haipungui mwendo namna hiyo ikiwa imefungwa gurudumu la nyuma peke yake. Wakati wa kufunga breki uzito wa chombo huhamia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, likafunga na kuburuza kwa urahisi huku likipunguza mwendo kidogo tu. Kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki hufanywa na breki ya mbele, ambayo mtu aliyeshtuka huiogopa kwa sababu ikifunga humwangusha papo hapo. Alama moja nyembamba yenye kuyumba kidogo, kama ile iliyokuwa katika picha, ni alama ya gurudumu la nyuma. Kwa msuguano unaolingana na hali hiyo, takriban 0.4, hesabu iliteremka hadi kilomita 61 kwa saa mwanzoni mwa mburuzo, na karibu 50 wakati wa kugonga. Kasi hii ya pili waliipata kwa kupima umbali kati ya vitovu vya magurudumu mawili ya pikipiki, ambao hufupika uma wa mbele unaposukumwa nyuma, na kuulinganisha na umbali wa kiwandani.

Hawakuishia hapo, na ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Kamera ya ulinzi iliyokuwa juu ya ukuta wa jengo la jirani ilikuwa imeinasa pikipiki ikipita kati ya nguzo mbili za taa kabla ya mburuzo kuanza. Umbali kati ya nguzo ulikuwa mita 30, na pikipiki iliumaliza ndani ya picha 26 za kamera inayopiga picha 15 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 1.73, sawa na kilomita 62 kwa saa. Mtu mwingine angeandika 62 akaondoka. Wao waliandika kwamba ukikosea picha moja tu, huku au kule, jibu linasogea kati ya 60 na 65, na kwamba kabla ya kuiamini kamera walisimama mbele yake na saa ya kuhesabia sekunde ili kuhakikisha kwamba kweli ilikuwa inapiga picha 15 na wala si 12, kwa kuwa kamera nyingi za ulinzi hupunguza idadi ya picha mwanga unapopungua. Njia mbili zisizotegemeana, alama ya tairi na kamera, zikafika karibu pale pale. Kijana alikuwa amezidisha mwendo. Dai langu la "mbio" lilichechemea lakini halikuanguka.

Dai la taa, kinyume chake, lilianguka bila msaada. Nilikuwa tayari kuapa kwamba taa ya mbele haikuwaka. Mhandisi alitoa balbu kutoka kwenye mabaki ya taa, ikiwa balbu ya kawaida ya uzi wa metali, akaitazama chini ya hadubini. Uzi wa balbu unaowaka huwa moto kiasi cha kulainika. Ukipata mshtuko wa ghafla, hunyooka na kujipinda kama chemchemi iliyovutwa. Uzi uliozimwa huwa mgumu, na ukivunjika huvunjika kwa mkato mkavu bila kubadilika umbo. Huu ulikuwa umevutwa na kupinda vibaya sana. Taa ilikuwa inawaka. Njia hii haiwezi kutumika kwa taa za LED, ambazo hazina uzi, hivyo kadiri pikipiki mpya zinavyoacha balbu za zamani ndivyo ushahidi huu unavyopotea. Ni jambo ambalo ningependa ripoti ingelitaja kwa ajili ya wateja wajao. Picha ya ule uzi, iliyokuzwa ikajaza ukurasa wa 17, niliitazama mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote.

Dai la "nilisimama" liliangushwa na gari langu lenyewe. Magari mengi ya sasa yana kifaa kidogo kinachohifadhi takwimu za sekunde chache kabla ya mgongano, kwa kawaida sekunde 5: kasi, breki, kanyagio la mafuta. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kifaa hicho kimekuwa cha lazima kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022, na kwa kila gari jipya tangu Julai 2024. Mfuko wa hewa wa pembeni ulipofumuka, kumbukumbu ya gari langu ilijifunga ili isifutwe. Wachunguzi waliisoma kabla gari halijaguswa na fundi, na ilionyesha kwamba kasi yangu ya chini kabisa ilikuwa kilomita 5 kwa saa, kisha ikapanda hadi 15 bila breki kuguswa. Sikusimama hata nukta moja. Nilipunguza mwendo, na akili yangu ikakuhesabu huko kupunguza kuwa ni kusimama.

Hapa pana jambo ambalo ripoti haikulisema, nami nalisema kwa sababu linaniudhi kwa niaba ya mtu wa upande wa pili. Gari huwa na shahidi wa ndani. Pikipiki nyingi hazina. Dereva wa gari huteremka kwa miguu yake, akapiga picha, akaongea na mashahidi na kuwaeleza askari ilivyokuwa, wakati mwendesha pikipiki analazwa na mara nyingi hakumbuki hata dakika ya mwisho kabla ya kuanguka. Simulizi ya kwanza kuandikwa huwa ya aliyebaki amesimama, na kila anayesoma faili baada ya hapo huanzia kwenye simulizi hiyo. Mchunguzi alimtembelea yule kijana mara mbili ili apate maelezo yake, ingawa aliyekuwa analipa ni mimi. Mara ya kwanza nililiona jambo hilo kuwa usaliti.

Je, nilitazama? Ndiyo, na ndiyo maana dai hilo nalo lilichechemea badala ya kuanguka. Ripoti ilitumia kurasa nne kueleza jinsi mtu anavyoweza kutazama asione. Nguzo ya kioo cha mbele, ile inayoshikilia paa pembeni mwa dereva, ni pana ya kutosha kuificha pikipiki nzima iliyo mbali, na kwa kuwa vyombo vyote viwili vinasogea, pikipiki inaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyo kwa sekunde kadhaa mfululizo. Jicho linapohama haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine halioni chochote katikati. Ubongo huziba pengo hilo kwa kubahatisha. Na chombo chembamba, hata kikionekana, hukadiriwa kuwa kiko mbali zaidi na kitachelewa zaidi kufika kuliko lori linalokuja kwa kasi ile ile. Wachunguzi waliniketisha katika gari la aina ileile, pikipiki ikaletwa polepole kutoka mita 120, umbali ambao barabara ile inaonekana bila kizuizi, nami niliambiwa ninyooshe kidole pale nitakapoiona. Nilinyoosha ilipokuwa mita 70. Nilipoambiwa niinamishe kiwiliwili mbele kidogo, niliiona tangu mwanzo.

Wateja wengine wangeichukua sehemu hiyo kama udhuru, na nakiri kwamba nilijaribu. Ripoti inautenganisha udhuru na maelezo: nguzo inaeleza kwa nini sikuona, lakini nguzo ni ya gari langu, na kuinama mbele ni kazi yangu. Wala si kisa cha pekee. Utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa University of Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza kwa kina ajali zipatazo 900 za pikipiki, uliona kwamba katika ajali zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingilia njia ya pikipiki. Utafiti mwingine, wa Ulaya, uliochunguza ajali 921 katika nchi tano, ulimwekea dereva wa chombo kingine kosa la msingi katika nusu ya ajali na mwendesha pikipiki katika asilimia 37. Takwimu hizo hazikuhukumu ajali yangu na ripoti haikudai hivyo. Zilinivua tu ile imani niliyokuja nayo, kwamba waendesha pikipiki ndio wanaojitafutia.

Sehemu iliyohalalisha gharama yote ni kurasa tatu zenye kichwa "Kama isingekuwa". Hapo wachunguzi waliuliza, kwa hesabu, nini kingetokea kama kila dereva angetimiza wajibu wake. Nilianza kukata kona pikipiki ikiwa karibu mita 50 kutoka mahali tulipokutana. Gari langu lilihitaji takriban sekunde 4 ili liiachie njia yake. Kwa mwendo wa kilomita 62 kwa saa, yeye alikuwa na chini ya sekunde 3. Kwa mwendo halali wa 50, angekuwa na sekunde 3.6, ambazo bado hazitoshi: hata mwendesha pikipiki mtiifu kuliko wote angelazimika kufunga breki kwa sababu yangu. Hilo lilinimaliza. Lakini ripoti iliendelea. Kwa mwendo wa 50, breki zile zile alizofunga zingemchelewesha kwa zaidi ya sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo gari langu lingekuwa limesogea karibu mita 5. Ama angepita nyuma yangu, ama angeligusa bampa la nyuma kwa kasi isiyofika 25 badala ya kunivaa mlangoni kwa 50. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiumba hatari, naye kwa kasi yake alijinyima nafasi ya kuiponyoka. Kuhusu swali la kwa nini hakukwepa, walihesabu kwamba tangu nilipoingia waziwazi katika njia yake hadi mgongano zilipita sekunde 2.3, na ukitoa sekunde 1.5 za kutambua na kuitikia, alibakiwa na chini ya sekunde moja. Hakuna aliyeuliza tena swali hilo.

Bima mbili zilisoma kurasa hizo na kukubaliana ndani ya siku kumi: robo tatu kwangu, robo kwake. Mgawanyo wa namna hii hutegemea sheria ya mahali, na mteja anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kulipia ripoti. Nchini Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1945 ilipobadilisha mambo, mdai aliyechangia uzembe hata kidogo aliweza kukosa fidia yote. Leo hupunguziwa kwa kadiri ya mchango wake. Nchini Marekani, majimbo ya Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado yanashikilia ile kanuni ya zamani. Katika mazingira ya kanuni hiyo, kile kifungu cha kasi katika ripoti yangu kingeweza kumnyima kijana kila kitu, nami nisingejivunia kukigharimia.

Nilikuwa na karata moja ya mwisho: mkanda wa kidevu wa helmeti yake haukuwa umefungwa. Walikataa kuiweka karata hiyo katika sura ya chanzo cha ajali. Helmeti haihusiani na nani aligongana na nani. Inahusiana na ukubwa wa jeraha tu, tena jeraha la kichwa, na yeye aliumia mguu. Katika kesi ya Capps dhidi ya Miller, iliyoripotiwa mwaka 1989, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpunguzia mwendesha pikipiki asilimia 10 ya fidia kwa sababu ya mkanda usiofungwa, lakini huyo alikuwa ameumia kichwa. Ripoti ililimaliza suala hilo kwa aya moja, na aya moja ilitosha.

Nani anaihitaji huduma hii? Aliyefungua mlango wa gari na kumwangusha mwendesha pikipiki hahitaji wahandisi. Anayegombania ajali ya pikipiki iliyokuwa ikipita kandokando ya foleni anawahitaji sana, maana hapo matokeo huyumba mno. Katika kesi ya Powell dhidi ya Moody ya mwaka 1966, mwendesha pikipiki aliyekuwa akiipita foleni iliyosimama alibebeshwa asilimia 80 ya lawama gari lilipochomoza katikati ya foleni. Miaka 40 baadaye, katika Davis dhidi ya Schrogin ya mwaka 2006, dereva wa gari aliyegeuza ghafla kutoka kwenye foleni alibebeshwa zote, ingawa pikipiki nayo ilikuwa ikiipita foleni hiyo. Tofauti ilikuwa katika umbali, mwendo na muda wa kuonekana, mambo yale yale ambayo ofisi hii inayajua kupima.

Malalamiko yangu mengine ni ya kawaida lakini si madogo. Waliahidi wiki nne, zikawa tisa, na katika kipindi hicho nilipiga simu mara sita kabla ya kupata mtu wa kunieleza sababu. Muhtasari wa mwanzo umeandikwa kwa lugha ya wahandisi kwa wahandisi; sentensi iliyonihusu zaidi, ile ya sekunde 4 dhidi ya 3.6, niliikuta ukurasa wa 24. Hawakukagua hali ya tairi za pikipiki hadi nilipouliza, na ingawa zilikutwa nzima, ukaguzi huo haukupaswa kungoja mteja aukumbuke. Na kurudisha vielelezo kwao ni shughuli ya konokono. Kijana aliomba arudishiwe vitu vyake vyote vilivyochukuliwa kutoka kwenye pikipiki, hata visivyo na kazi tena, na ilinibidi niandike barua mbili kwa niaba yake. Balbu ilimfikia wiki mbili baada ya fidia, ikiwa ndani ya kimfuko chenye namba ya faili langu.